Barua ya wazi kwa mawaziri wa afya wa Afrika Mashariki: fangasi naye ahesabiwe

Waheshimiwa Mawaziri,



Kila mnapokutana kupanga namna ya kukabili mlipuko ujao, mambo yanayowekwa mezani yanajulikana: barakoa, chanjo, oksijeni, upimaji mipakani. Naandika kuomba jambo moja liongezwe, nalo ni fangasi. Sizungumzii fangasi wa vidole vya miguu wala mapunye ya watoto wa shule. Nazungumzia wale wanaoingia kwenye mapafu, kwenye damu na kwenye ubongo. Mtu mwenye kinga timamu huwamudu bila hata kujua kwamba amepambana nao. Lakini kirusi kikishamdhoofisha, au dawa tulizompa kutibu kirusi zikishamdhoofisha, hawakawii.

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka yangu ya kazi imeishia juu ya hadubini, na sasa nimestaafu, kwa hiyo naweza kusema bila kusubiri mkubwa wangu aidhinishe.

Mnaikumbuka India ya Aprili na Mei 2021. Tuliona picha za watu wakigombea mitungi ya oksijeni, na maiti zikichomwa hadi kwenye maegesho ya magari. Nyuma ya wimbi lile lilikuja jingine ambalo huku kwetu halikuzungumzwa sana. Watu waliokwisha kupona korona na kuruhusiwa kwenda nyumbani walianza kurudi hospitalini. Uso umevimba upande mmoja. Pua imeziba na inatoa majimaji meusi. Kope haifunguki, jicho limesukumwa nje, na anayeweza kuona anaona vitu viwili viwili. Meno ya juu yanalegea. Madaktari wa masikio, pua na koo, waliokuwa wakiuona ugonjwa huo mara chache tu kwa mwaka, wakajikuta wanapasua kutwa kucha: wanakwangua mianya ya pua, wanaondoa taya la juu, na pale fangasi aliposhika tundu la jicho, wanalitoa jicho lenyewe ili asifike kwenye ubongo.

Kitabibu unaitwa mukomaikosisi. Mitaani uliitwa fangasi mweusi. Jimbo la Rajasthan liliutangaza kuwa mlipuko tarehe 19 Mei 2021, na kesho yake serikali kuu ikaziagiza serikali za majimbo ziufanye ugonjwa wa lazima kutolewa taarifa. Kufikia tarehe 28 Juni, Waziri wa Afya wa India, Harsh Vardhan, alitoa hesabu: wagonjwa 40,845, na kati yao 3,129 walikuwa wamekufa. Hesabu zilizofuatana na hiyo ndizo ningependa mzitazame kwa makini. Asilimia 85 hivi ya wagonjwa walikuwa wameugua korona. Asilimia 64 walikuwa na kisukari. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia dawa za jamii ya steroidi.

Fangasi mwenyewe si mgeni. Jamii yake ndiyo inayoota kwenye mkate uliosahaulika kabatini, kwenye matunda yaliyooza na kwenye samadi. Vijimbegu vyake tunavivuta na hewa kila siku, mimi na ninyi. Wala si mweusi: akiota kwenye sahani ya maabara anafanana na pamba ya kijivu. Weusi ni wa nyama ya mgonjwa iliyokufa, kwa kuwa fangasi huyu hupenya ndani ya mishipa ya damu na kuiziba, na sehemu iliyokosa damu inaoza mwenye mwili akiwa hai. (Baada ya wiki chache magazeti ya kule yalianza kutangaza fangasi weupe na fangasi wa manjano, kana kwamba ni rangi za duka la vitambaa. Hofu ilipanda, maarifa yakabaki pale pale.)

Kwa nini India? Wengine walilaumu barakoa chafu, wengine maji ya kwenye vifaa vya oksijeni. Lakini India ilikuwa na wagonjwa wa kisukari zaidi ya milioni 70, na hata kabla ya korona ugonjwa huu ulikuwa ukionekana kule mara nyingi kuliko kwingineko. Sukari inapopanda na damu kuwa na tindikali, chembe nyeupe zinazotakiwa kumkamata fangasi zinazubaa, na madini ya chuma yanaachiwa huru kwenye damu. Chuma hicho ndicho anachokihitaji ili akue. Kisha tukaongeza steroidi, ambazo zinapandisha sukari na kushusha kinga kwa pamoja.

Hapo naomba nisieleweke vibaya. Deksamethasoni, mojawapo ya steroidi hizo, iliokoa maisha. Majaribio ya RECOVERY ya Uingereza yalionyesha Juni 2020 kwamba miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10, zilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa sehemu moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Ni dawa ya bei ya chini, na habari zile zilikuwa faraja kwa nchi kama zetu. Ila majaribio hayo hayo yalionyesha jambo la pili ambalo halikusafiri mbali: mgonjwa asiyehitaji oksijeni hakupata faida yoyote. Huko India watu wakaanza kuzimeza nyumbani tangu siku ya kwanza ya homa, kwa dozi kubwa, kwa wiki na wiki, na hakuna aliyewapima sukari.

Sasa tembeeni, bila msafara, kwenye maduka ya dawa ya miji yenu. Ulizeni prednisoloni, nayo ni steroidi. Mtaulizwa mnataka vidonge vingapi, hamtaulizwa cheti. Tunazitumia kwa pumu, kwa muwasho, kwa maumivu ya mgongo, kwa mafua yaliyogoma, na wapo wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe. Muuza dawa simlaumu sana. Naye ana kodi ya pango, na mteja akikataliwa hapa ataipata duka la pili. Nawalaumu walio na sheria kabatini wasiyoisimamia. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linakadiria kwamba barani Afrika zaidi ya nusu ya wenye kisukari hawajui kama wanacho. Hao ndio watakaopewa steroidi siku kirusi kingine kikiingia, na hospitali ikikosa vijiti vya kupima sukari, daktari atakuwa anaandika dozi akiwa amefumba macho. Kati ya yote nitakayoomba humu, hili ndilo la gharama ndogo kuliko yote: hakuna dozi ya steroidi wodini bila kipimo cha sukari, na hakuna steroidi dukani bila cheti.

Nisikae India tu. Tangu mafua ya H1N1 ya mwaka 2009, madaktari wa vyumba vya wagonjwa mahututi wa Ulaya wamekuwa wakimwona fangasi mwingine, Aspergillus, akiota kwenye mapafu yaliyochubuliwa na kirusi cha mafua. Korona ilipokuja akajitokeza tena. Na Marekani, nchi yenye maabara kila kona, fangasi aitwaye Candida auris aliongezeka kutoka wagonjwa 476 mwaka 2019 hadi 1,471 mwaka 2021. Huyu hakai kwenye mkate. Anakaa kwenye reli za kitanda, kwenye kifaa cha kupimia presha, kwenye mikono ya wahudumu. Wakati wa korona glavu na magauni vilikuwa haba, kwa hiyo mhudumu alibaki na vile vile akitoka mgonjwa huyu kwenda yule, na fangasi akapata usafiri. Dawa nyingi hazimtishi, na baadhi ya sabuni za kusafishia hospitali hazimuui. Klorini ndiyo inayomweza.

Msidhani huyo ni wa Wamarekani. Uchunguzi wa damu zilizopimwa katika hospitali moja ya Nairobi kati ya 2010 na 2016 ulimkuta kwa karibu wagonjwa 4 kati ya kila 10 waliokuwa na Candida kwenye damu. Nairobi walijua kwa sababu walipima. Maabara nyingi za mikoa yetu hazioteshi fangasi kabisa. Zinazootesha, nyingi zinaishia kuandika "yeast" kwenye fomu na kupeleka wodini, daktari achague mwenyewe. Ndiyo maana mtu akisema Afrika Mashariki korona haikutuletea fangasi, mimi humuuliza ni maabara gani iliyotafuta.

Lakini hoja yangu kubwa haiko kwenye korona. Ninyi mnayo tayari janga la kirusi linaloleta fangasi, na liko nyumbani kwenu kwa zaidi ya miaka 40.

Tarehe 5 Juni 1981 jarida la kila wiki la kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa lilieleza habari za vijana watano wa Los Angeles waliopata homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Wawili walikuwa wameshakufa. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu UKIMWI. Kilichokuwa mapafuni mwao, Pneumocystis, wakati ule kilihesabiwa kuwa kijidudu cha jamii nyingine. Mwaka 1988 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha ni fangasi. Na wote watano walikuwa na Candida, yule anayeweka utandu mweupe mdomoni, ambaye wauguzi wa Kagera na Rakai walikuja kumzoea kupita kiasi. Kirusi chenyewe kilikuwa bado hakijajulikana. Fangasi ndiye aliyewaambia madaktari kwamba kuna jambo.

Kati ya fangasi wanaofuata UKIMWI, anayetuua zaidi leo ni kriptokokasi. Anakaa kwenye vumbi lenye kinyesi cha njiwa na kwenye miti, mtu anamvuta na hewa, na kinga ikishuka anapanda hadi kwenye ubongo. Ugonjwa huanza na kichwa. Mgonjwa anaumwa kichwa wiki mbili, wiki tatu. Anapewa panadoli, anapewa dawa ya malaria, anachomwa sindano za taifodi. Shingo inakaza, macho yanaingia ukungu, anaanza kusema maneno yasiyopangika, na hapo ukoo unagawanyika: wa hospitali na wa kwa mganga.

Akifika kwetu, majimaji ya uti wa mgongo yanaletwa kwenye kichupa. Mara nyingi ni meupe kama maji ya kunywa, huwezi kudhani yamebeba kitu. Unayazungusha kwenye mashine, unachukua tone la chini, unalichanganya na wino mweusi, unafunika na kioo chembamba. Ukiinama kwenye hadubini uwanja wote ni giza, na ndani ya giza kuna miduara inayong'aa, kila mmoja na kiini chake katikati. Ule mng'ao ni ganda nene la fangasi ambalo wino haukuweza kulipenya. Kwa mgonjwa aliyewahi unaona miwili mitatu, tena baada ya kutafuta. Kwa aliyechelewa imejaa uwanja mzima, na kabla karani hajamaliza kuandika majibu, wodini wanajua yatakavyokuwa.

Majimaji hayo yamebanwa kichwani kwa shinikizo kubwa, na kuyapunguza kwa sindano ni sehemu ya tiba. Wapo wagonjwa wanaoinua kichwa na kuomba uji saa hiyo hiyo. Hata hivyo ndugu wanagoma. "Dokta, tuachie mama yetu. Akitobolewa mgongo ndiyo basi." Wana sababu: waliowahi kuwaona wakitobolewa walikuwa wameletwa siku za mwisho, wakafa, na sindano ikabeba lawama. Hakuna anayekaa nao kuwaeleza. Daktari ana wagonjwa wengi wanaomsubiri, na muuguzi yuko peke yake zamu ya usiku.

Makadirio ya mwaka 2020 ni kwamba ugonjwa huo mmoja uliua watu wapatao 112,000 duniani, karibu mmoja kati ya kila watano waliokufa kwa UKIMWI, na wengi wao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Linganisheni na kelele tulizozisikia kuhusu fangasi mweusi, ambaye naye alistahili kelele.

Tena hatuwezi kujitetea kwamba hatujui la kufanya, maana mengi ya kufanya yamegunduliwa kwa wagonjwa wetu wenyewe. Dar es Salaam na Lusaka ndiko kulikofanyika majaribio ya REMSTART, yaliyochapishwa mwaka 2015: watu wanaoanza dawa za VVU kinga ikiwa chini wakapimwa damu kwa kijiti kinachotoa jibu kwa dakika 10, waliokutwa na kriptokokasi wakatibiwa kabla ya kichwa kuanza kuuma, na wahudumu wa kawaida wakawatembelea wote nyumbani katika wiki za mwanzo. Vifo vikapungua kwa asilimia 28. Mwaka 2022 yakatoka majibu ya majaribio ya AMBITION, yaliyojumuisha wagonjwa wa Uganda pamoja na wa Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Tiba ya zamani ilikuwa dripu ya amfoterisini B kwa siku saba, ile inayomtetemesha mgonjwa hadi kitanda kinagonga ukuta, inayochosha figo na kushusha potasiamu, na maabara inatakiwa ipime damu mara kwa mara. Mpya ni dripu moja tu, siku ya kwanza, ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta, kisha vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Matokeo hayakuwa mabaya kuliko ya tiba ya zamani, na madhara yalikuwa machache. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huo huo, na mwezi Oktoba likatoa, kwa mara ya kwanza, orodha ya fangasi 19 wanaohitaji kupewa kipaumbele. Kriptokokasi yuko kundi la juu kabisa, pamoja na Candida auris.

Watu wa Kampala na Mbarara walitoa migongo yao ili jambo hilo lijulikane. Flusitosini imetengenezwa tangu mwaka 1957 na haki miliki yake iliisha zamani. Kama bado kuna hospitali ya rufaa inayomtibu mgonjwa wa namna hiyo kwa flukonazoli peke yake kwa kuwa ndiyo iliyopo, hilo si suala la sayansi tena. Limekuja mezani kwenu.

Tupige hesabu. Dripu ile moja ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 50 anahitaji miligramu 500, yaani vichupa 10 vya miligramu 50. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza kuuza dawa hiyo kwa dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kwa ajili ya ugonjwa huu. Kwa bei hiyo ni dola 162.50 kwa mgonjwa, mara moja. Si pesa ndogo, lakini wizara zenu zinanunua vitu vya gharama zaidi visivyookoa mtu. Sasa ihamisheni hesabu hiyo kwa fangasi mweusi, ambaye hutibiwa kwa dawa hiyo hiyo, miligramu 5 au zaidi kwa kilo, kila siku, kwa wiki kadhaa, juu ya upasuaji. Mtu yule yule wa kilo 50 anakula vichupa 5 kwa siku. Kwa wiki 3 ni vichupa 105. Wagonjwa ishirini wa namna hiyo wangemaliza vichupa 2,100.

India ni nchi inayotengeneza dawa za nusu ya maduka yetu, na ndiko tunakowapeleka wagonjwa wetu waliotushinda. Mei 2021 amfoterisini hii iliadimika kule kwao, familia zikawa zinaitafuta kwa ulanguzi, na serikali ikatoa vibali kwa viwanda vingine ili vianze kuitengeneza. Mwanzoni mwa Juni ikabana usafirishaji wake kwenda nje. Siwalaumu, hata sisi tungefunga mlango. Ila ina maana kwamba siku tutakayoihitaji kwa wingi ndiyo siku ambayo muuzaji wetu naye ataihitaji, na dawa ambayo haikuwa ghalani kabla ya hapo haitapatikana kwa barua wala kwa safari ya waziri.

Kwa hiyo inunueni sasa, na inunueni pamoja. Nchi moja ikiagiza vichupa mia tatu haina sauti kwa mtengenezaji. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikiagiza kwa mkataba mmoja zina sauti. Akiba hiyo haitakaa ikichakaa ikisubiri janga, maana wagonjwa wa kriptokokasi wapo leo na wataitumia. Vijiti vya kuwapima viwekwe kliniki zote za VVU, si za miji mikuu tu, na kipimo cha CD4, kinachoonyesha kinga imeshuka kiasi gani, kisiachwe, kwa sababu bila hicho hamtajua nani wa kumpima. Kila hospitali ya mkoa au kaunti iwe na mtu mmoja aliyefundishwa kuotesha fangasi na kumtambua kwa jina lake kamili. Ni mafunzo ya wiki chache kwa mtu ambaye mshahara mnamlipa tayari. Na majina hayo yaingie kwenye taarifa zenu za kila wiki, pale pale mnapoandika kipindupindu na surua.

La mwisho linajibika kwa simu moja. Kila mmoja wenu aipigie bohari yake ya dawa, MSD ya Tanzania, KEMSA ya Kenya, NMS ya Uganda na wenzao wa Kigali, Bujumbura, Juba, Kinshasa na Mogadishu, aulize: leo ghalani kuna vichupa vingapi vya amfoterisini B ya chembe za mafuta, kuna vidonge vingapi vya flusitosini, na vinaisha muda lini? Majibu hayo, hata kama ni sifuri, tunaomba yasomwe bungeni mtakapowasilisha makadirio ya wizara zenu.

Wenu katika kazi,
Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Dar es Salaam